Taya la Shemeji Masatu

Mtoni, Dar es Salaam
Jumapili asubuhi

Mama Bahati, mke wangu,

Kabla hujatafuta kiti nikwambie: mie mzima, nakula, nalala, na vidole vyangu vyote kumi ninavyo. Nyie huko hamjambo? Mama yako mguu wake umepungua uvimbe, au bado anabishana na dawa? Na Bahati bado anang'ata wenzake shuleni? Mwambie aache, hasira za baba yake zinatosha kwa ukoo mzima.

Najua utajiuliza barua ya nini wakati simu zipo. Simu yako mnaisikilizaga wote kwa spika, na mama anajibu kabla yako. Hili nikilisema kwenye simu nitaishia "haloo, haloo, mtandao mbaya," kisha nitakata. Najijua. Kwa hiyo nimenunua daftari, na kesho binamu yangu wa kwenye mabasi atakuja kuichukua barua hii.

Masatu alikwambia ameangukiwa na mashine gereji. Si kweli. Mdogo wako hakuangukiwa na kitu, alipigwa. Alipigwa mchana kweupe na watu watatu, wakamvunja taya na vidole vitatu vya mkono wa kulia, na kosa halikuwa lake, lilikuwa langu. Kama mama amekaa karibu yako, toka nje kwanza ndiyo uendelee kusoma.

Kazi yetu sijawahi kukueleza vizuri. Huko Ukerewe tulizoea kufufua mashine za mitumbwi ya dagaa. Hapa Kurasini, nyuma ya yadi ya makontena, gereji ya bosi Hemedi inatengeneza boti za watu wenye pesa, wanaotaka kwenda kasi hata kama hawana pa kwenda. Mie ni wa mashine: mafuta, moto wa plagi, mizunguko. Masatu ni wa propela. Mke wangu, mdogo wako ana sikio. Anaining'iniza propela kwa kamba juu ya benchi, anagonga panga moja moja kwa nyundo ya mti, anasikiliza. Mapanga yote matatu lazima yalie sauti moja. Likilia tofauti analikunja ncha kidogo tu, upana wa ukucha, anagonga tena. Boti iliyokuwa inasuasua inatoka hapo inaruka. Watu wanatoka mpaka Msasani kumfuata yeye, si mimi, na sitakuficha kwamba jambo hilo lilikuwa linaniuma.

Hemedi ana sheria mbili. Ya kwanza: aliyefunga propela ndiye anayepanda boti siku ya majaribio. Anasema nati hailegei kama shingo yako iko juu yake. Ya pili: ukichomoa waya wowote kwenye boti, unafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, na boti yenye kitambaa haishuki majini hata mwenyewe alie. Kitambaa anakifungua fundi yuleyule aliyechomoa, baada ya kurudisha waya. Sheria hizo zimetulinda miaka yote tuliyokaa hapa.

Boti yenyewe ni ya Feisali. Usimchukie Feisali. Alikuwa anakuja na vitumbua, anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anakula nasi. Alikuwa amebishana na rafiki yake nani atamtangulia mwenzake mpaka kisiwani na kurudi, na mashine yake ikifika kasi ya juu ilikuwa inakohoa. Sasa kwenye boti hizi kuna kamba ambayo dereva anajifunga mkononi. Akirushwa majini, kamba inavuta swichi na mashine inazimika hapo hapo, isije ikamrudia. Nilitaka kujua kama ile swichi ndiyo inayonidanganya, nikachomoa waya wake. Kitambaa nikakifunga usukanini. Kumbe ubovu haukuwa swichi, ulikuwa uchafu kwenye chujio la mafuta. Nikabadilisha chujio, mashine ikapona. Waya ulikuwa bado unaning'inia pale Masatu alipoingia na propela begani.

Nikamwambia ncha amezikunja mno, mashine haitafika mizunguko yake. Nilisema kwa sauti, ili Feisali asikie.

"Shemeji," Masatu akasema, "propela yangu haijawahi kuumwa. Mashine yako ndo kila siku ina kikohozi. Ipeleke kliniki!"

Feisali akacheka mpaka kitumbua kikamtoka. Unanijua, mke wangu, hasira zangu ziko karibu kama mate. Nikakifungua kile kitambaa usukanini, nikakiviringisha, nikamtupia Masatu usoni. "Futa basi hiyo propela yako! Ukimaliza ufute na mdomo!"

Akakidaka. Akaipangusa propela kwa madaha huku akiimba, na wote wakazidi kucheka, hata mie mwishowe. Halafu nikarudisha kifuniko cha swichi, nikakaza skrubu zake nne kwa mikono yangu hii. Usukani ulikuwa mtupu, hauna kitambaa. Kwa macho ya kila mtu, na kwa macho yangu mimi, boti ilikuwa tayari.

Tuliishushia Kijichi. Masatu akapanda kama sheria inavyosema, Feisali akajifunga kamba mkononi vizuri kabisa, mtu mwangalifu. Ndugu zake wawili walikuwa gatini na simu zao wakirekodi. Boti ilipopita mbele yetu ilikuwa inagusa maji kwa propela tu, bodi nzima iko hewani, na mashine inalia sawasawa bila kukohoa. Nilijisikia fahari. Nilimpiga Hemedi begani nikamwambia, "Bosi, unasikia?"

Kulikuwa na tagi, ile boti ya kuvuta meli, imepita muda si mrefu, mawimbi yake yakawa bado yanakuja. Pua ya boti ikanyanyuka, ikashuka kiupande, na Feisali akarushwa juu kama gunia, akatua majini. Nikasubiri mashine inyamaze. Haikunyamaza. Mama Bahati, hapo ndipo nilipouona ule waya, niliuona kichwani mwangu unavyoning'inia nyuma ya kifuniko.

Boti isiyoshikwa usukani haiendi mbali. Inazunguka na kurudi palepale ilipomwacha mtu. Ilimrudia Feisali mara ya kwanza, akazama, ikapita juu yake. Masatu alikuwa ametupwa tezini, nyuma kabisa ya boti, kichwa kimegonga chuma, tunamwona anatambaa kutafuta ufunguo wa kuzimia na boti inamrudisha nyuma. Ilipokuja mara ya pili Feisali alikuwa ameibuka kuvuta pumzi. Sauti ya propela ilikatika kidogo, kama shoka likikutana na fundo la mti, kisha ikaendelea. Hemedi alipiga kelele. Mie sikuweza.

Masatu akaufikia ufunguo, akazima, na hakungoja hata boti isimame. Alijitupa kwenye maji yale yaliyogeuka rangi, akamshika Feisali kidevu, akamfunga paja kwa mkanda wake mwenyewe. Daktari alisema bila ule mkanda tungekuwa tumezika. Mguu umekatwa chini ya goti.

Hemedi alimkimbiza Feisali hospitali kwa gari lake. Wale ndugu wawili wa Feisali wakabaki gatini. Walibaki kwa ajili yetu.

"Nani kafunga?" mkubwa wao akauliza.

Akaokota kasia lililokuwa gatini.

"Oya, si nauliza? Aliyepanda ndo aliyefunga, si ndo sheria yenu? Feisali kila siku anatusimulia!"

Na Masatu, maji na damu ya mtu vinamchuruzika, akasema, "Propela nimefunga mie."

Alichomaanisha ni propela. Wao walisikia kila kitu. Mkubwa alimpiga kwa kasia, mbavuni, mgongoni, mpaka kasia likapasuka. Mdogo akamvuta mkono wa kulia, ule wa nyundo, akaulaza kwenye saruji, akaukanyaga kwa kisigino cha buti, akajizungusha juu yake kama anayezima sigara. Masatu alilia kama mtoto. Aliniita. Alisema, "Shemeji, waambie!" Niwaambie nini, hata yeye hakujua, alijua tu mie ndiye mtu wake pale.

Mkubwa akanigeukia. "Na wewe? Uliigusa mashine?"

"Mie nilikuwa nimeenda kufuata petroli," nikasema. Hivyo hivyo, bila kumeza mate.

"Kwa hiyo huna ishu na huyu?"

"Sina."

"Basi mpige na wewe, tukuamini."

Wangeweza kuniua, hilo ni kweli. Lakini sikuandika kurasa zote hizi ili nijitetee. Nilimpiga mara moja. Ngumi, kwenye taya, na nililisikia likikatika chini ya vidole vyangu. Wa tatu katika wale watu watatu ni mumeo. Taya la mdogo wako nimelivunja mimi, lile ambalo mama yako alilikanda kwa maji ya moto alipokuwa anaota meno na kulia usiku kucha, kama mlivyokuwa mkinisimulia.

Kilichonimaliza si hicho. Baada ya kumpiga aliniangalia, na hakukuwa na chuki machoni mwake. Alikuwa anakubali. Alidhani nimempiga kwa sababu nami naamini ameua mguu wa mtu. Na mpaka leo ndivyo anavyoamini. Meno wameyafunga nyaya, anakunywa uji kwa mrija, na kila siku ananiuliza kwa ule mdomo uliofungwa, "Shemeji, nilikosea wapi?" Nilimkuta juzi ameining'iniza propela ya zamani mlangoni, anaigonga kwa mkono wa kushoto, anasikiliza, anatikisa kichwa. Nyundo yake ya mti amemwachia Hemedi. Anasema hatagusa tena propela maisha yake, atarudi Ukerewe akaanike dagaa. Namlisha, namwogesha, namfulia, na anavyonishukuru natamani ardhi inimeze.

Nilijiambia nitanyamaza mpaka apone. Uongo. Nilitaka kunyamaza mpaka aondoke.

Basi nimeamua. Nikimaliza barua hii nitamsomea yeye mwanzo mpaka mwisho, kabla haijafika kwako. Kesho nitamwambia Hemedi, kisha nitakwenda kwenye kitanda cha Feisali, ndugu zake wawepo wasiwepo. Sijui nitatoka vipi. Kama nikitoka kwa machela, usimlaumu mtu. Sikuombi msamaha kwenye karatasi, ni rahisi mno. Ninachoomba ni kwamba mama alisikie hili kutoka kinywani mwako, si kwa wapita njia.

Msalimie mama mkwe wangu, mwambie shikamoo yangu ipo hata kama hataitikia. Msalimie baba mdogo aliyenisimamia posa, mwambie alikuwa sahihi aliposema nina mkono mwepesi. Jirani yako anayekukopesha jiko, mama yule wa mapacha, mpe salamu zake. Bahati mbusu kipajini, na usimsomee.

Mimi niliyekuoa, na uniamulie utakavyo,

Majura

Nimemsomea. Amesikiliza mpaka mwisho, amekaa kwenye godoro. Kisha akaniambia nirudie pale penye waya. Nikarudia. Akasema, "Kwa hiyo propela ilikuwa sawa." Nikasema ilikuwa sawa kabisa, zile ncha alizikunja vizuri, mie ndiye niliyekuwa na wivu. Akalia, huku ameshika taya kwa sababu kulia kunamuuma. Sikuthubutu kumgusa.

Alipotulia akaomba daftari. Nilidhani anataka kukuandikia mwenyewe. Akapekua mpaka pale nilipoandika kwamba nilimpiga mara moja, akaweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye neno hilo, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma.

Sijalifuta. Nimeliacha lilivyo ili uone kwamba hata humu ndani nilikuwa bado nakudanganya. Ngumi zilikuwa mbili, Mama Bahati. Ya pili hakuna aliyeniambia nipige.