Gogo la Kambare wa Mama

3 Machi

Binti yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa magoti, na hayo tumeshazoeana. Hujambo huko? Wazee wa watu unaowalea hawajakuchosha? Naandika kwa sababu simu siisikii tena. Mashine ya randa imeyamaliza masikio yangu.

Kambare wawili wa marehemu mama yako, wale wa kula mti, wapo, ila gogo lao kwenye tangi la kioo limekwisha. Wamelikwangua mpaka limebaki kijiti, sasa wanalamba kioo. Nimechonga vitanda vya nusu ya mtaa huu, lakini mti wa kuliwa na samaki sijapata kuuchagua. Nielekeze. Chumba chako nimekipaka rangi, maana Agosti ya kurudi kwako si mbali.

Baba yako

20 Machi

Shikamoo baba,

Sijambo, uchovu tu. Pole na magoti.

Usichukue mbao za karakana, zina dawa. Msonobari pia hapana, una utomvu. Nenda mtoni utafute gogo gumu lililokufa zamani, lisilo na gome wala harufu, ambalo ukucha hauingii. Lichemshe, kisha liloweke, uwe unabadilisha maji mpaka yaache rangi ya chai na gogo lizame lenyewe.

Watunze, baba. Ni wao tu waliobaki wanaoujua mkono wa mama. Nikiwaza kurudi, ninaowaona ni wao.

Mwanao

16 Aprili

Binti yangu,

Hujambo? Huku salama, nina furaha hata naona aibu.

Nimepata mzizi, mgumu kama chuma. Nilipouchemsha jirani aliuliza napika nini, nikamwambia supu, karibu. Ulizama wenyewe, kama ulivyosema. Ila ulikuwa umepauka, nami kazi haitoki mkononi mwangu hivyo. Nimeupiga msasa. Vanishi sikupaka, sijawa kichaa. Nimeusugua tu kwa mafuta ya mbao, yale ninayomalizia meza. Umependeza mno. Kambare wameung'ang'ania tangu juzi.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Litoe hilo gogo. Litoe kabla hujamaliza kusoma, kisha badilisha maji. Wanakwangua kwa mdomo, baba, wanayameza hayo mafuta.

Samahani, sijakuamkia. Nimeletewa mkataba mwingine wa miaka miwili, sijausaini. Niandikie kwamba wako salama, niurudishe bila saini, nije nyumbani.

Mwanao

19 Mei

Binti yangu,

Natumaini u mzima.

Barua yako ilinikuta nimeshawafukia nyuma ya karakana, pamoja. Nilianza kukuandikia kwamba wazima, nikashindwa. Nisamehe. Nilitaka wapate kitu kizuri.

Umesema wakiwa salama utarudi. Nimeirudia barua hiyo nikijitafuta humo, sijajiona. Nilidhani na mimi ni mtu wa kurudiwa.

Nimekwenda mtoni tena. Gogo la sasa sijalipaka kitu.

Baba yako

30 Agosti

Binti yangu,

Hujambo? Kazi inaendeleaje? Mimi mzima, magoti yaleyale.

Sijapata jibu lako. Labda barua imepotea, hutokea. Kama umesaini, umesaini, mwanangu, sina la kukulaumu.

Gogo limezama vizuri, na maji yake sasa ni meupe kabisa. Nalisugua kwa brashi lisiote ukungu, maana hakuna wa kulikwangua. Mlango wa chumba chako nimeuacha wazi, harufu ya rangi ilishatoka zamani.

Mtu wa posta amezoea kunikuta kibarazani. Zamani alikuwa anasimama kunieleza kwamba hakuna kitu. Siku hizi ananipungia tu mkono, anapita.

Baba yako