Malkia Aliyebaki Bawshar

Al Azaiba, Muscat

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama umfikishie shikamoo yangu. Natumaini goti lako limetulia, maana najua baridi ya Tukuyu ndiyo inaanza. Mimi sina ugonjwa. Joto la huku limefika mahali ambapo maji ya bombani mchana yanatoka ya moto, lakini tumelizoea. Mdogo wangu Tumpe naye ni mzima wa mwili. Barua hii ni juu yake, nami nitaeleza kwa mfuatano ili usilazimike kukisia.

Unajua kwamba kila Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada, bosi wake humruhusu kwenda kanisani. Mwaka jana alijiunga na kwaya yao mama mmoja Mtaliano, Bi Lucia, mke wa mhandisi, ambaye zamani alifundisha kuimba. Alitaka kuonyesha opera moja ya kwao, yaani mchezo unaoimbwa mwanzo hadi mwisho. Ni habari ya malkia anayehukumiwa kifo na mumewe kwa kosa ambalo hakulitenda, na kabla ya kuuawa anawaombea waliomhukumu. Hata Italia, anasema, huchezwa kwa nadra sana, kwa sababu wanawake wanaoiweza sehemu ya malkia ni wachache. Akawasikiliza wanakwaya mmoja mmoja. Akamchagua Tumpe.

Nilikuwepo siku alipompa kitabu cha nota. Tumpe alikigeuzageuza, akamrudishia. "Mwalimu, hawa ndege juu ya waya mimi siwajui. Nipigie kinanda, nitaandika mwenyewe." Akaiandika sehemu yote ya malkia kwa do-re-mi uliyotufundisha, madaftari mawili, Ijumaa baada ya Ijumaa kwa miezi saba. Maneno ya Kitaliano aliyakariri akipiga pasi. Bi Lucia alipoyakagua madaftari alikuta makosa mawili, na moja lilikuwa la kwake mwenyewe, alipiga vibaya.

Sasa kosa langu. Wiki mbili kabla ya onyesho niliandika tangazo fupi katika gazeti ninalofanyia kazi. Kazi yangu pale ni kuhakikisha majina ni sahihi, na Tumpe alitaka jina lake lionekane ili nikutumie kipande hicho. Nimekifunga humu. Niliandika jina lake kamili, na kwamba ni mfanyakazi wa nyumbani huko Bawshar. Yote yalikuwa kweli. Sikufikiria nani mwingine angesoma.

Bosi wake, Bi Thuwayba, alisoma. Ni Mwomani aliyezaliwa Unguja, mama wa heshima. Hajawahi kumpiga wala kumcheleweshea mshahara. Nilikwenda kumwona. Alinikaribisha kwa kahawa na haluwa, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi sina ubaya naye," akaniambia. "Kanisani nnampeleka kwa gari yangu. Lakini kaja kwa viza yangu mimi, kazi kwa mwengine haruhusiwi. Leo gazeti lasema yuko kwa watu wengine, anawafanyia kazi. Nikiulizwa, ntajibu nini?"

Nikamwambia hakulipwa hata baisa moja, ndiyo senti ya huku.

"Mimi najua. Gazeti halikusema hivyo, na wewe ndiye uloandika."

Nilijitolea kuandika sahihisho. Akasema sahihisho ni kumtaja mara ya pili. Nikaacha kumbembeleza. Mimi mwenyewe nimo nchini kwa viza ya mwajiri, na mhariri wangu alikwisha kuniambia mambo ya nyumba za watu niyaache. Tumpe alikuwa amesimama mlangoni na sinia muda wote. Bi Thuwayba alikataza onyesho, akakataza na kanisa la Ijumaa, mpaka maneno yapoe.

Bi Lucia hakuwa na mtu mwingine wa kumweka. Onyesho lilifanyika katika ukumbi wa shule, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, mbele ya watu sitini na wanne, niliwahesabu. Mahali pa malkia kiliwekwa kiti. Kila zamu yake ilipofika, Bi Lucia aliipiga sauti yake kwenye kinanda, kwa mkono mmoja, na wenzake wakajibu. Mfalme alikihukumu kifo kiti kitupu. Hakuna aliyecheka. Mwishoni watu walipiga makofi kwa adabu, wakaenda kwenye magari yao.

Kesho yake nilipiga simu Bawshar. Bibi akamwita. Kwa kuwa Bibi alibaki karibu, na Kiswahili ni chake kuliko chetu, Tumpe alisema Kinyakyusa. Akauliza nani aliimba sehemu yake. Nikamwambia hakuna. Akauliza kama ile sala ya mwisho waliiruka. Nikamwambia ilipigwa kwa kinanda. Akasema Bi Lucia huiharakisha siku zote. 

"Mwandikie Baba kwamba niliimba," akasema. "Usiongeze kitu."

Nisalimie shangazi, na shemeji wa dukani. Yule mzee wa kanisa anayeiongoza kwaya tangu ulipoiacha, msalimie pia, ila usimsimulie bado.

Baba, nilianza mara mbili kuandika alivyoniagiza, nikachana karatasi zote mbili. Nimekuandikia lililotokea. Utakapomjibu Tumpe, nakuomba umjibu kana kwamba nimemtii.

Mwanao,
Asajile