Skonzi Zilizoungua Chini

Kemunto mjukuu wangu,

Sisi huku Kebirigo tu wazima, na babu yako amenunua viatu vipya vya kanisani. Eti piza yako imeungua chini na juu bado ni mbichi? Nimecheka hadi nikakaa!

Nilipoolewa hapa, Ijumaa moja nilioka skonzi za Sabato nikasahau kuweka makaa juu ya kifuniko cha sufuria. Chini zikawa nyeusi, juu unga mbichi, na jua lilikuwa karibu kuzama, saa ya kuacha kazi. Mama mkwe akazigeuza ili upande mbichi uive, akafunika.

Kesho yake watu wa kanisa walijaa jikoni. Mmoja akauliza, "Nani aliunguza?"

"Mimi na binti yangu," akajibu mama mkwe, akichukua skonzi ya pili.

Hadi siku hiyo alikuwa akiniita mgeni.

Nyanya yako