Mbaazi Zako Zinahitaji Giza

Mjukuu wangu Mutua,

Hapa Vällingby tu wazima. Babu yako magoti tu ndiyo yanamsumbua. Huko Luleå, usizing'oe mbaazi zako ati zimerefuka bila hata ua moja.

Nilipofika hapa Stockholm nikiwa msichana, nilipanda mbegu za kwetu Makueni kwenye bustani ya kukodi. Zikanipita kimo, majani matupu. Mwenyekiti wa bustani akaniambia, "Wewe binti, unafuga msitu. Usipovuna, kishamba nampa mwingine." Kishamba nilichokitoa mawe kwa mikono yangu! Hilo linaniuma hadi leo.

Nikapiga hesabu. Kwetu mwanga ni saa kumi na mbili kwa siku. Hapa Juni unapita kumi na nane. Mbaazi hungoja usiku mrefu ndipo zichanue. Basi kila jioni, jua bado likiwaka, nikawa nazifunika kwa mapazia mazito, asubuhi nazifunua.

"Umezilaza?" majirani wakanicheka.

"Ndiyo, zimechoka na kelele zenu."

Zikachanua, zikabeba. Mwenyekiti alikula bakuli zima akiwa amesimama, akaomba mbegu. Nikamnyima. Hizo ulizopanda ni uzao wa zile zile, kwa hivyo anza kuzifunika leo.

Susu yako,
Mwende