Taa ya Mnada wa Mavuno

Kibakwe, 18 Juni 2024

Mpwa wangu Restuta,

Hujambo mama? Huku wazima, ila goti la bibi yako na baridi hii haviivani. Nakuandikia kwa sababu simu inakatakata, na mimi nikianza kuongea sipendi kukatwa.

Ile taa ya kuamua nani katangulia, uliyoniahidi Pasaka, imefikia wapi? Mwaka jana kwenye mnada wa mavuno, Sila na mzee Gerson nusura wakunjane mashati mbele ya kanisa kwa ajili ya jogoo, kila mmoja akidai ndiye aliyetangulia kutaja bei. Nimeshamwambia katekista Noeli kwamba mpwa wangu anasomea mambo hayo hapo Dodoma. Nimefukia waya mpya kutoka kanisani hadi uwanjani kwa ajili yako. Usiniangushe, nimejisifu kupita kiasi.

Mjomba wako,
Optatus

Dodoma, 27 Juni 2024

Shikamoo Mjomba,

Mpe bibi pole ya goti. Mimi mzima, nakula vumbi na upepo wa Dodoma.

Taa iko tayari! Ni ubao mdogo tu, katikati una chipu nyeusi. Wewe ukitaka taa ifuate swichi unavuta waya. Mimi waya zangu naziandika kwenye kompyuta, nazipakia kwenye chipu, nayo inageuka kuwa saketi niliyoitaka. Nikikosea nafuta naandika upya, hakuna kulehemu wala kuungua vidole. Kuna vitufe vinne na taa nne. Anayebonyeza wa kwanza taa yake inawaka, wengine wanafungiwa nje hata wakibonyeza mpaka kesho. Wiki nzima iko mezani imechomekwa kwenye kompyuta, na Anitha ninayekaa naye chumba kimoja amejaribu kuidanganya akashindwa.

Naja nayo Jumamosi, tarehe 6, siku moja kabla ya mnada. Mwambie Sila aandae kidole.

Mpwa wako,
Restuta

Kibakwe, 12 Julai 2024

Mpwa wangu,

Ulifika salama? Uliondoka alfajiri hata chai hujanywa, bibi yako akabaki na viazi vyake.

Nisamehe mama, nimekuaibisha. Nilipoona kitaa cha umeme kinawaka kwenye ubao wako, lakini watu wanabonyeza vitufe na hakuna kitu, na Sila anauliza kwa sauti kama hiyo ndiyo elimu ya Dodoma, nikajua ni waya wangu, unafikisha umeme dhaifu. Ndiyo maana nikasimama nikawaambia wote kwamba kosa ni langu. Nimeufukua wote, sijaona palipoungua, ila radhi nimeshaomba. Kazi ya umeme ya nyumba mpya ya masista, niliyoitegemea, wamempa fundi wa Mpwapwa, na siwalaumu. Kinachoniuma ni vile ulivyosimama umeinamisha kichwa kwa ajili yangu.

Niandikie tu kwamba hujakasirika.

Mjomba wako,
Optatus

Kibakwe, 2 Agosti 2024

Mpwa wangu,

U mzima? Konda wa basi anasema karanga nilizokutumia ulizipokea. Barua hakuna, na simu inaita tu. Basi umekasirika, na una haki. Kazi za umeme nimeziacha kwanza. Nikishika koleo la kukatia waya naikumbuka ile Jumapili ya mnada, nalirudisha sandukuni. Niko shambani.

Mjomba wako,
Optatus

Dodoma, 25 Agosti 2024

Shikamoo Mjomba,

Sijui hata niulizie afya yenu kwa uso gani. Karanga zako ziko kwenye mfuko wake, sijaweza kuzila.

Waya wako haukuwa na kosa. Chipu hii ukiikatia umeme inasahau kila kitu, inarudi kuwa tupu, isipokuwa kama kazi yake umeihifadhi pia kwenye kumbukumbu ya kudumu iliyo pembeni yake. Mimi sikuhifadhi. Hapa mezani haikuwahi kuzimwa, kwa hiyo haikuwahi kusahau. Nilipoichomoa nije nayo ndipo ilipofutika. Nilipanda basi la Kibakwe nimebeba ubao usiojua lolote.

Niligundua siku ile ile niliyorudi. Pale uwanjani sikujua, lakini niliona unajilaumu bila kupima chochote, nikanyamaza kwa sababu ilinifaa. Tangu hapo nasema nitaandika kesho. Naona aibu, Mjomba. Jina lako likitokea kwenye simu naifunika.

Sasa nimehifadhi. Naichomoa, naichomeka, inakumbuka. Nakutumia ubao kwa basi, pamoja na barua ya kumpa katekista aisome kanisani. Humo nimekusafisha kabisa.

Mpwa wako asiyestahili,
Restuta

Kibakwe, 1 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Bibi anakusalimu, goti limepata nafuu.

Sikufichi, imeniuma sana. Fundi mzima nimeshinda shambani naogopa koleo, na wewe unajua! Nilikaa siku mbili sitaki hata kutaja jina lako. Halafu nikaenda nikaufukia waya wangu palepale ulipokuwa.

Ubao sijauchomeka. Barua ya katekista nakurudishia humu, haijafunguliwa. Mimi kosa lisilo langu nililisema kwa mdomo wangu, mbele ya Sila na watu wote. Wewe la kwako unalituma kwa basi?

Jumapili ya tarehe 15 kuna mnada wa kumalizia mavuno. Njoo Jumamosi, bibi atachemsha viazi. Umeme nitawasha mimi, lakini siwashi mpaka uwe umeshaongea.

Mjomba wako,
Optatus, fundi umeme