Mpiga Ngoma Asiye na Kadi

Alhamisi, Al Thumama

Sasa sijui nani kati yao ndiye mwongo, yule mzee au yule staa.

Leo nililinda tena mlango wa nyuma wa hoteli huku ughaibuni, ule wanaopitia wanamuziki. Akaja mzee Mwingereza, akajitambulisha kwa jina la Colin. Hakuwa na kadi ya kuingia. Akasema ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa kwanza wa bendi itakayotumbuiza hapa kesho, enzi walipopiga muziki wa hasira vilabuni kwao. Wenzake walipogeukia nyimbo tamu za mapenzi, zile zilizowatajirisha, yeye alikataa. Wakamwacha.

Hadithi ilikuwa nzuri mno, na hiyo ndiyo iliyonitia shaka. Kazi hii imenifunza kwamba mwenye haki haji na hadithi, anakuja na kadi. Mwenzangu Wafula akaninong'oneza, "Huyo ni konmani, tapeli tu. Ukimwingiza, supavaiza atakurudisha Kitale."

Hata hivyo nilimwendea mwimbaji wao, yule staa, aliyekuwa akivuta sigara karibu na jikoni.

"Bosi, kuna mzee mlangoni anadai aliwahi kuwa kwenye bendi yenu."

Hakuinua hata kichwa. "Mwambie Colin simjui."

Jina la mzee mimi sikuwa nimelitaja.

Nilirudi nikamfukuza mzee kwa adabu. Akanishukuru, eti nafanya kazi yangu vizuri. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Na sasa ndiyo nakumbuka: huyo mwimbaji amekuwa akipita mlangoni pangu tangu Jumatatu bila kadi, na sijamwuliza hata mara moja.