Sababu ya Sita

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, kifua kimetulia, na mama goti limempa nafasi, ingawa najua akipata nafuu kidogo tu anapanda juu ya stuli kufuta vumbi madirishani. Mwambie ashuke. Mimi mwili ni mzima. Ninachougua ni hasira.

Nakuandikia saa ya chakula cha mchana, kwenye kona ya bwalo, kwa kuwa sisi wasahihishaji simu zetu zilikusanywa langoni siku ya kwanza na hatutazipata mpaka kazi iishe. Dereva wa kituo ana safari ya kuja mji wenu leo na kurudi kesho. Nimembembeleza apitie nyumbani, na nakuomba asiondoke mikono mitupu. Keshokutwa Ijumaa, saa sita mchana, mabunda yanafungwa kwa lakiri, na yakishafungwa hata aje nani hayafunguliwi. Kuna mtahiniwa mmoja baba, mwaka wake mzima uko mikononi mwako, na mwenyewe hajui.

Ngoja nianze mwanzo. Nimepangiwa swali la tisa: Eleza kwa nini himaya kubwa za dunia huinuka na hatimaye kuanguka. Mpaka leo nimesahihisha karatasi zaidi ya elfu moja na mia mbili, na nakuapia ni karatasi moja iliyoandikwa mara elfu moja na mia mbili. Wote wanatoa zile sababu sita za muhtasari wako wa kufundishia, kwa mpangilio ule ule, kwa maneno yale yale. Kupanuka kupita kiasi. Kodi kumlemea mkulima. Ugomvi wa kurithi kiti. Jeshi la kukodi. Maradhi na njaa. Kuhamisha makao makuu. Wanaandika hata “kama inavyoonekana kwenye ramani hapo juu”, na hapo juu hakuna ramani wala kivuli cha ramani, kuna namba ya mtihani na doa la wino. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya nne nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, ramani gani wewe? Kiongozi wa meza akanikemea kwamba karatasi ya mtihani si mahali pa kupigia soga.

Huyo kiongozi wa meza tunamwita Rula, maana hasomi jibu, analipima. Mwongozo anauweka kushoto, karatasi ya mtoto wa watu kulia, anateremsha rula mstari kwa mstari, maneno yakilingana anapiga vema, yasipolingana anapiga mkasi. Ni mtu wa kazi, hilo siwezi kumnyima, hachelewi hata dakika. Lakini akili aliiacha langoni pamoja na simu yake. Tuko sita kwenye meza, na anayenisaidia nisimrukie ni mama mmoja mwalimu wa shule ya wasichana, mwenye chupa ya chai isiyokauka. Kila nikianza kuhema ananijazia kikombe.

Sasa juzi Jumatatu nikaikuta karatasi ya namba inayoishia mia nne na saba. Sijui ni wa kike au wa kiume. Mwandiko umelala upande kama wa mtu anayekimbia mvua. Akaanza kwa kuzitaja sababu tano za kwanza, moja baada ya nyingine, na kila moja kaipa mfano wake mwenyewe, si mifano yako. Alipofika ya sita akaandika kwamba hii aliikariri kama wenzake, ila kila akiifikiria haimwingii akilini. Eti Warumi walipohamishia makao makuu mashariki, upande huo ulidumu zaidi ya miaka elfu. Waturuki nao walihamisha mara mbili, na kila mara dola lao likazidi kutanuka. Akauliza, basi kuhama kumemwangusha nani?

Halafu akaweka sababu yake. Akasema himaya huinuka wakati wakubwa wanapotaka kujua hali ilivyo, na huanguka wakati watu wanapojibu kile kinachotakiwa kujibiwa. Mlinzi wa ghala anamwandikia gavana kwamba ghala limejaa, gavana anafurahi, mfalme anafurahi, mpaka adui anafika, ghala linafunguliwa na ndani mna panya. Baba, niliweka kalamu chini. Nilitaka kusimama nimshangilie mtu nisiyemjua, mbele ya walimu themanini.

Nikampa alama zote ishirini. Rula akaipitia na rula yake, akafuta ishirini, akaweka sifuri. Si mbili, si tano. Sifuri! Eti mwongozo unasema anayepinga hoja yoyote ya mwongozo, jibu lake lote ni batili. Na sisi wa swali la tisa ndio wa mwisho kusahihisha, kwa hiyo alama za maswali mengine ziko pale pale kwenye jalada, mtu unajumlisha kwa macho. Kwa sifuri hiyo amefeli kwa alama saba. Hizo zimemnyima mlango wa kidato cha juu.

Tulibishana mpaka meza za jirani wakaacha kazi kutusikiliza. Nikamweleza Rula kwamba hoja ya sita ni mbovu, achukue kitabu chochote cha historia aangalie. Akanijibu kwa upole ule unaokera kuliko tusi kwamba mwongozo umetokana na muhtasari wa mwalimu aliyetuzidi sote mle ukumbini, kwamba huyo Bwana Sababu kafundisha hata waliotunga mtihani, na kama nimesahau, ni baba yangu mzazi. Watu wakacheka. Akaongeza kwamba labda Bwana Sababu mwenyewe aandike kwa mkono wake na kutia sahihi kwamba hoja ya sita si yake, hapo ataifuta kwenye mwongozo siku hiyo hiyo. Alisema kwa kejeli, ila mama wa chai akamshika hapo hapo, akamtaka arudie mbele yetu sote, na kwa kuwa ni mtu wa taratibu akarudia. Ndiyo maana nakuandikia.

Nakujua baba. Hapo ulipo umeshavua miwani na unauliza kwa nini ukane hoja uliyoifundisha miaka ishirini na zaidi. Kaa kitini kwanza. Hoja ya sita si yako. Ni yangu.

Unaukumbuka ule uhamisho wako, nilipokuwa na miaka kumi na minne? Ulirudi nyumbani siku moja ukatangaza tunahama mwisho wa wiki, kama unayetangaza chakula kiko tayari. Hukuniuliza. Nilikuwa na rafiki yangu wa kufa na kuzikana, nilikuwa nimechaguliwa kiranja, na vyote vikabaki nyuma ya lori. Tulipofika nyumba mpya, maboksi hata hayajafunguliwa, ukanipa muhtasari wako nipige taipu kwenye stensili, maana Jumatatu ulikuwa unauhitaji darasani. Ramani sikuweza kuichora kwenye stensili, nikaacha maneno yake tu. Na ukurasa wa mwisho, wenye sababu ya sita, haukuwepo. Nilipekua kila boksi, nilipekua hata masufuria ya mama. Ulipotea njiani.

Nikaogopa kukwambia. Mtu wa kukwambia wewe kwamba karatasi yako imepotea alikuwa hajazaliwa katika nyumba ile. Nikakaa mbele ya mashine nimevimba kwa hasira, nikaandika: Sita, kuhamisha makao makuu. Mtawala anapohamisha makao yake bila kuwauliza walio chini yake, himaya hulegea. Nilijua utaiona asubuhi na kunichapa. Hukuisoma. Uliichukua ikiwa na wino mbichi ukaenda nayo kazini.

Miaka miwili baadaye nilikaa darasani kwako, dawati la tatu, nikakusikia ukiifundisha hasira yangu kwa sauti ya juu, ukagonga ubao kwa chaki, ukasema hii ndiyo kubwa kuliko zote. Nikainama nikanakili pamoja na wenzangu. Na baadaye nilipokuwa mwalimu, Mungu anisamehe, nikaifundisha.

Jana nilimwambia Rula yote haya. Alicheka mpaka machozi. Alisema haiwezekani mtu kama Bwana Sababu afundishe miaka yote hiyo kitu alichotunga mtoto. Nikamwambia ndicho alichofanya, na ndicho yeye Rula anachopimia watoto wa watu. Akaniambia nikapumzike, kazi imenielemea. Umeona baba? Ukweli ninao mimi, lakini jina unalo wewe, na hapa kinachosomwa ni jina.

Najua nakuomba nini. Watakusema. Wale uliowafundisha watakupigia simu, wengine kukupa pole, wengine kucheka. Mimi nitasemwa zaidi, na ninastahili. Nikasirikie, nikirudi nitakaa unigombeze mpaka uchoke. Ila karatasi mpe dereva. Mistari miwili inatosha, sahihi yako chini. Usimwandikie Rula hotuba.

Mama mpe salamu zangu zote, na umwambie masufuria niliyoyavuruga siku ile ni kwa ajili hiyo. Wadogo zangu wakipiga simu waambie nipo hai. Dereva mpe maji ya kunywa, ana safari ndefu.

Na jambo moja nakuomba kwenye karatasi nyingine, yangu mimi. Niandikie sababu ya sita ilikuwa ipi hasa. Miaka yote hii sijawahi kuijua. Na kama na wewe umeisahau baba, usinitungie nyingine. Niandikie tu kwamba umeisahau.

Ni mimi mwanao,
mpiga taipu wako.